Mahindi ya Ng'ambo ya Kijito

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na komeo. Mama yake alilivuta polepole, kama mtu anayefunika chungu asimwamshe mtoto, lakini ule mlio mdogo wa chuma ulitosha kumwambia kwamba mama ameshatoka na jembe lake kwenda bondeni. Basi Chiriku alijigeuza upande wa pili, akavuta shuka hadi masikioni, akaiba usingizi kidogo tena. Baadaye aliamka, akafagia uwanja, akaosha vyombo vilivyolala, akanywa chai aliyoachiwa kwenye chupa, kisha akapiga mbio kwenda shule huku akifunga kifungo cha mwisho cha shati njiani.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa akiwa bado mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliweza kuzungumza akipiga mswaki. Aliweza kuzungumza akilia. Walimu walimhamisha dawati mara kwa mara, na kila alipopelekwa, wale waliokuwa kimya huko nao wakaanza kuzungumza.

Mdomo huo ndio uliompeleka kwenye klabu ya filamu. Klabu ilikutana katika stoo ya vifaa vya michezo, kati ya mipira iliyokwisha upepo na nyavu zilizofumka. Ilikuwa na kamera moja, stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja ulifungwa kwa waya, na kompyuta iliyochukua muda mrefu kuwaka kama mtu anayelazimishwa kuamka. Mlezi wa klabu alikuwa Mwalimu wa Sanaa, mtu mrefu, mpole, mwenye rangi kwenye kucha siku zote.

"Tamasha la filamu za shule limekaribia," aliwaambia siku moja. "Mwaka huu wanataka filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wanaolima chakula chetu. Mnajua maana ya hali halisi? Hatumpi mtu maneno ya kusema. Hatumvalishi mtu nguo asizovaa. Tunakwenda, tunatazama, tunasikiliza, tunaonyesha tulichokiona. Nani anawafahamu wanawake wa namna hiyo?"

Mkono wa Chiriku ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Mimi, Mwalimu! Mama yangu yumo kwenye kikundi cha akina mama wa bondeni. Wanalima mahindi na kunde, shamba kubwa, tena hawana trekta wala nini, ni mikono yao tu!"

"Sasa nani atakaa atazame majembe?" sauti ilisema kutoka nyuma, na stoo nzima ikaangua kicheko. "Watu watalala mpaka wakorome."

Chiriku alicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimwingia kama mwiba mdogo, ule ambao huoni ulipo ila ukikanyaga unausikia. Akaapa moyoni kwamba filamu yake itakuwa nzuri hadi waliocheka wafumbe midomo. Mwalimu alimkabidhi kamera, na wa kumshikia stendi akawa mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Betri, kijana mkimya asiyechoka, ambaye waliomjua walisema akiwekwa kwenye saa itakwenda mwaka mzima.

Siku ya kwanza walishuka bondeni baada ya masomo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, ya kijani kibichi, na akina mama walikuwa katikati ya palizi. Kiongozi wao, mama mzee mwenye filimbi shingoni, aliyeitwa Bibi Filimbi na kila mtu, aliwakaribisha kwa kicheko.

"Karibuni, wajukuu zangu. Leo tunapigwa picha! Nyie akina mama, mnaona? Aliyekuja na kitambaa cha jana ajilaumu mwenyewe."

Walicheka, wakainama, wakaendelea kulima. Chiriku alipiga picha za majembe yakipanda na kushuka, udongo mweusi ukipinduka, watoto wachanga wamelala kivulini juu ya mashuka. Alirudi nyumbani akiimba. Alijiona yuko karibu na mwisho wa kazi. Kilichobaki ni kusubiri mahindi yapendeze zaidi kidogo.

Lakini waliporudi kwa mara nyingine, bonde lilikuwa limebadilika. Majani yalikuwa na matundu kama chujio. Mengine yameraruka, yananing'inia kama vitambaa vya kudekia. Ndani ya moyo wa kila mmea, pale majani machanga yanapojikunja pamoja, kulikuwa na uchafu wa rangi ya unga wa mbao, na chini ya uchafu huo kiwavi mnene amejilaza, anakula.

"Viwavijeshi," alisema mama yake Chiriku. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Wameingia bonde zima. Dawa dukani imekwisha, kila mkulima ameikimbilia. Afisa kilimo alipita jana. Ametuambia hata tukiipata, hawa wakubwa wamejichimbia ndani mno, haitawafikia vizuri. Tuwatoe kwa mikono, alfajiri kabla jua halijawarudisha ndani, halafu tutie jivu."

"Kwa mikono? Shamba lote hili?"

"Kwani tuna nini kingine, mwanangu?" Mama alimtazama. "Njoo kesho alfajiri na kamera yako. Ndipo utaiona kazi."

Chiriku alitazama majani yale yaliyoliwa, na kitu cha kwanza alichokisikia kichwani kilikuwa kicheko cha wale wa stoo. Hakufikiria chakula cha nyumbani kwao. Hakufikiria kwamba shamba lile ndilo lililowalisha mwaka uliopita na mwaka uliotangulia. Alifikiria filamu yake tu, jinsi itakavyokuwa mbaya.

Alfajiri komeo lililia kama kawaida. Chiriku alilisikia. Alijigeuza upande wa pili.

Mchana alimvuta Betri pembeni. "Nisikilize. Ng'ambo ya kijito kuna shamba la yule mwenye trekta. Viwavi hawajafika kule, au amewahi dawa, sijui. Mahindi yake yamesimama kama askari wa gwaride. Tunapiga picha yale, tunaunganisha na zile tulizowapiga akina mama wakilima. Nani atajua?"

Betri alikuna kichwa. "Mwalimu alisema tuonyeshe tulichokiona."

"Si tutakuwa tumeyaona? Mahindi ni mahindi, bwana!"

Betri hakuwa na jibu la haraka, na kwa Chiriku mtu asiyekuwa na jibu la haraka alikuwa amekubali. Walisimama kwenye njia ya ng'ambo, wakapiga picha mahindi ya watu. Kisha Chiriku akajifungia stoo, akaunganisha vipande, akasoma maelezo kwa sauti yake tamu: "Na haya ndiyo matunda ya jasho la akina mama wa bondeni." Alipomaliza alijitazama kwenye kioo cheusi cha kompyuta, akaona amefanya jambo.

Mwalimu wa Sanaa alikuwa na desturi moja ambayo Chiriku hakuwa ameiwekea hesabu. Hakuna filamu iliyotoka shuleni kabla ya walioonekana ndani yake kuitazama. "Sura ni zao," alisema. "Lazima wawe wa kwanza."

Basi Jumamosi mchana akina mama wa bondeni walikuja shuleni. Walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao, huku wakitaniana. "Mwenzangu, ukikwama humo tutaita fundi seremala!" Madirisha yalizibwa kwa mashuka. Mama yake Chiriku alikaa mbele kabisa. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na mikono yake aliificha mapajani.

Filamu ilianza. Akina mama walipojiona ukutani walipiga vigelegele. Walioneshana vidole. "Ona mgongo wangu huo! Kumbe nimenenepa hivi na hamniambii?" Chiriku, aliyesimama karibu na kompyuta, alisikia raha ikimpanda kutoka miguuni.

Kisha yakaja yale mahindi ya ng'ambo, marefu, yanameta, hayana hata tundu moja.

Kicheko kilikatika. Kilikatika chote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa. Sauti ya Chiriku peke yake iliendelea kusema kuhusu matunda ya jasho.

"Simamisha hapo, mjukuu wangu," alisema Bibi Filimbi.

Chiriku alisimamisha. Picha ikaganda ukutani.

"Mimi macho yangu ni ya kizee, labda yananidanganya. Hayo mahindi yalilala wapi jana? Maana ya kwangu nimeyaacha bondeni yana majani kama soksi za mchunga mbuzi."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Chiriku alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari pale, limeiva: angesema vipande vilichanganyika kwenye kompyuta. Wangemwamini, maana hawakujua mambo ya kompyuta. Aligeuza macho, akakutana na ya mama yake. Mama hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa akimtazama kama mtu aliyesukumwa na mtu asiyemtarajia, anayetafuta mahali pa kushika.

"Ni ya ng'ambo ya kijito," Chiriku alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni ya mwenye trekta. Ni mimi niliyetaka. Betri alinikataza."

"Sikukukataza vya kutosha," alisema Betri kutoka gizani.

Mama aliuliza swali moja tu. "Uliyaonea aibu mahindi yetu?"

Mtoto yule aliyeweza kuzungumza akipiga mswaki, siku ile hakupata hata neno moja. Aliinamisha kichwa, na machozi yakaanguka juu ya viatu vyake. Mama yake alinyanyuka, akafungua mlango, mwanga wa mchana ukaingia na kuyafuta mahindi ya ukutani. Akatoka.

Mwalimu alizima mashine. Aliwaomba radhi akina mama, akawaambia filamu ile haitakwenda popote. Kisha akasema, "Sina haki ya kuwaomba jambo jingine. Lakini nauliza. Kama watoto hawa wakirudi, mtawapokea?"

Bibi Filimbi alijinasua taratibu kwenye dawati. "Sisi tuko bondeni kila alfajiri. Anayetutaka atatukuta huko." Alipompita Chiriku alimgusa begani, mguso mwepesi, akaenda zake.

 Jioni ile mama alikuwa jikoni akichambua maharage chini ya taa, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu vita vya viwavi vianze, aliiona mikono yake. Jivu lilikuwa limeipasua. Nyufa zilizunguka vidole, nyingine nyekundu, na kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa. Ndiyo mikono iliyokuwa imefichwa mapajani mchana kutwa, katikati ya watu waliovaa vizuri.

Chiriku alichukua kopo la mafuta rafuni, akapiga magoti sakafuni. Mama alitaka kuuvuta mkono, kisha akauacha.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma, sitakuficha. Nilijipamba leo. Niliwaambia wenzangu, mwanangu atawaonyesha watu tunavyohangaika."

"Kesho niamshe twende."

"Mimi simwamshi mtu," alisema mama. "Ukiamka utanikuta nafunga viatu."

Alfajiri, mama alipoinama kufunga kamba za viatu vyake vya mpira, aliona miguu mingine miwili midogo imesimama kando yake, tayari ina viatu. Alimpa kopo la jivu abebe. Njia panda walimkuta Betri na stendi yake begani, anapiga miayo kama simba.

Walipofika ukingoni mwa bonde, Chiriku alisimama. Alikuwa amelijua bonde lile tangu azaliwe, ila hakuwahi kuliona saa ile. Ukungu ulikuwa umejaa kutoka kingo hadi kingo kama maziwa kwenye bakuli. Ndani ya maziwa yale vichwa vya akina mama vilielea, kila kimoja na kitambaa chake, vimepangwa mstari mmoja mrefu hadi macho yakashindwa. Filimbi ililia mara moja. Mstari wote ukainama. Kukabaki ukungu mtupu na sauti: majani yakifunguliwa, vidole vikichokonoa, viwavi wakidondoka ndani ya makopo, tip, tip, kama mvua inayofikiria kuanza.

"Betri," alinong'ona, "unaona?"

"Naona," Betri alinong'ona pia, ingawa hakuna aliyewakataza kusema kwa sauti.

Alishuka akatafuta mstari wa mama yake, akawasha kamera. Bibi Filimbi alimkuta hapo. "Weka hiyo chini kwanza. Lete kidole. Utampigaje picha mdudu usiyemjua?"

Chiriku alifungua moyo wa mmea, akaona kiwavi amejikunja, anameta, akapiga ukelele uliowafanya akina mama wa upande ule wote wainuke. "Amekuuma?" "Hapana!" "Amekutukana?" Walicheka hadi wakashikana. Alijaribu tena, macho nusu yamefumbwa, akamtoa. Akatoa mwingine, na mwingine. Kabla hajamaliza hata nusu ya mstari mgongo wake ulikuwa unawaka moto, na aliponyoosha kichwa kumtafuta mama yake, mama alikuwa mbali, anamalizia mstari wa tatu, hajainuka.

Ndipo alipoichukua kamera. Alimsogelea, akaishika karibu na mkono wake. Vidole vilivyopasuka vilifungua majani machanga kwa upole, kama vinafungua nguo ya mtoto mchanga. Kiwavi akatoka. Jivu kidogo likaingia. Jani likafungwa, na mkono ukahamia mmea wa pili. Lilikuwa tendo la kufumba na kufumbua, na Chiriku alichelewa kulilenga.

"Mama, rudia hapo, halikutokea vizuri."

"Mdudu keshakufa, mwanangu. Nirudie vipi?"

Basi alijifunza kutangulia. Alijifunza kukaa mahali akasubiri kazi imfikie, kunyamaza, kuacha mambo yatokee yenyewe. Kwa mtu kama yeye haikuwa rahisi. Lakini kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuona: mama mmoja akifanya kazi na mtoto mgongoni, akiinama kwa namna ambayo mtoto hakuamka, wawili waliogombana mwaka jana wakigawana kopo moja bila kusalimiana, Bibi Filimbi akizungumza na mmea mdogo, "Wewe simama, usiniaibishe." Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Komeo halikumkuta tena kitandani.

Asubuhi moja walifika kwenye kipande cha mama yake, kilichokuwa chini kabisa karibu na kijito. Mama aliuvuta mmea wa kwanza, nao ukamjia mkononi wote, umekatika ndani. Akavuta wa pili. Ukaja. Viwavi walikuwa wamekula hadi kwenye kitovu cha mmea, mahali ambapo jani jipya huzaliwa, na mmea ulioliwa hapo haurudi tena. Mama alitembea mstari mzima akivuta, na mstari mzima ukamfuata mkononi. Alipofika mwisho alisimama amekumbatia rundo la majani, akatazama kijito. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Kamera ilikuwa inafanya kazi. Chiriku aliishusha. "Mama, nizime?"

Mama alijifuta uso kwa kiwiko. Akasema, "Usizime. Na hii ndiyo kazi yenyewe."

Chiriku aliinua tena kamera. Kwa hiyo kilichofuata kilipatikana chote. Hakuna filimbi iliyolia. Hakuna aliyeita mtu. Mwanamke wa kwanza aliacha mstari wake, akaja na jembe, akaanza kusafisha pale. Akaja wa pili. Akina mama walitoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kila mmoja amefunga pembe ya kitambaa chake, na ndani ya fundo hilo kuna kunde za mbegu alizokuja nazo kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, maana tangu jana walishaona hali ya kipande kile. Walifungua mafundo. Walipanga mistari. Visigino vilifukia mashimo, na wale wawili waliogombana mwaka jana walifanya kazi bega kwa bega. Jua lilipokuja kuvuka kilima, kipande chote kilikuwa kimepandwa upya, udongo wake mweusi umelainika kama nywele zilizochanwa.

Chiriku aliwahi kuona majengo marefu kwenye picha, na meli, na ndege inayoruka. Hakuwahi kuona kitu kikubwa kama kile.

Tarehe ya tamasha ilipita wakiwa bado bondeni. Mwalimu alimwambia wazi: "Filamu ya kwanza ingewahi. Hii imechelewa. Unajuta?" Chiriku alifikiri, akatikisa kichwa. Waliendelea kupiga picha. Waliona majani mapya yakichomoza katikati ya yale yaliyotoboka, mazima, ya kijani cha kung'aa, na Chiriku akalala chini kwa tumbo ili ayapige picha kwa chini, yaonekane na anga. Mimea mingi iliinuka. Mingine haikuinuka. Mahindi yalipokauka yakavunwa, magunia hayakufika idadi ya mwaka uliotangulia, lakini yalitosha, na kunde za kipande cha chini zikaziba pengo.

Siku ya wazazi, ukumbi wa shule ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Akina mama wa bondeni walikuwa wameitazama filamu kwanza, kama desturi ilivyotaka, nao wakasema sawa. Sasa taa zilizimwa. Ukungu ukatokea ukutani, na vichwa vikielea ndani yake, na filimbi ikalia. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Chiriku hakuwa ameweka maneno yake mahali popote. Kulikuwa na sauti za bondeni tu. Yule kijana aliyewahi kuuliza nani atatazama majembe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi, na mama yake Chiriku alipolia ukutani, kijana yule alijifuta macho kwa tai ya shule.

Mwisho wa filamu hapakuwa na makofi. Watu walisahau. Kisha mtu mmoja mzima, baba wa mwanafunzi fulani, alisimama akawageukia akina mama, na ukumbi mzima ukasimama baada yake, wakubwa kwa wadogo, kama wanavyosimama kumpokea mgeni wa heshima. Hapo ndipo makofi yalipokuja, na hayakutaka kuisha.

Mwalimu wa Sanaa alipanda jukwaani. Alimwita Chiriku, akamwomba awaeleze watu filamu ya kwanza iliishia wapi. Chiriku akasimulia, mahindi ya ng'ambo na yote, bila kujipunguzia.

"Wanafunzi wangu," Mwalimu alisema, "mwenzenu alificha mahindi ya akina mama hawa yaliyoliwa, kwa kuogopa kuchekwa mbele ya watu. Alipoyaficha, aliificha na kazi yao. Mmeona leo: ushujaa wa akina mama hawa ulikuwa pale pale penye matundu. Ukitaka kumheshimu mtu, sema kweli juu yake. Na kweli haipatikani kitandani. Amkeni, mwende, mtazame kwa subira. Mkikosea kama alivyokosea yeye, semeni mmekosea, halafu mrudi kazini."

Jioni Chiriku na mama yake walipanda kilima kwenda nyumbani. Mama alitembea polepole, amevaa lile gauni la kutokea, mikono yake ikiyumba huru ubavuni.

"Pale nilipolia," alisema ghafla, "watu walinyamaza sana. Nilidhani wamechoka kutazama."

"Hawakuchoka, mama. Walikuwa wanakuona."

Mama alicheka kidogo, kama mtu aliyepewa zawadi asiyejua aiweke wapi. Kisha akamshika mwanawe mkono, wakaendelea kupanda.

"Na mimi pia," alisema Chiriku. "Kabla ya hapo nilikuwa sijakuona."